Chombo cha Kushonwa

Maji yalikupwa tukiwa katika mkondo wa Mkanda. Jahazi likakaa tope katikati ya mikoko, nahodha akajinyoosha mkekani, nasi tukangoja maji yajae. Wiki ya tatu ile nalala na kula chomboni, kati ya Lamu, Manda na Pate, na nilikuwa nimejizoesha kutazama kila kipitacho: mashua, madau, mitumbwi, na boti za faiba ambazo mlio wake huufikia mkoko kabla ya boti yenyewe.

Chombo cha ajabu kuliko vyote katika maji hayo, wageni watakwambia, ni Flipflopi, dau la plastiki iliyookotwa, lililovikwa ndara za rangi zote. Mafundi wa Lamu waliliunda, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Nalistahi. Wenye kulipiga picha husahau kwamba plastiki ile nayo ilichongwa na mikono iliyolelewa na mbao. Lakini mimi, kila nilipotazama upeo wa macho, nilikitafuta chombo ambacho najua hakitatokea tena: mtepe.

Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba ya makumbi, kila tundu likazibwa kwa kijiti. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Omo yake ilinyanyuka mbele ndefu, wazee wakiifananisha na shingo ya ngamia, na ubavuni mwake yalichorwa macho, kana kwamba chombo kinajionea njia. Ukigonga mwamba, mtepe ulijipinda pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Ulivuja, ndiyo, na mabaharia walifua maji usiku na mchana. Ndivyo ulivyopeleka boriti za mikoko kusini, miaka nenda miaka rudi. Na ushonaji wenyewe ni wa kale: yule Mgiriki aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya 1 aliitaja bandari ya Rhapta, akasema imepata jina kwa vyombo vyake vya kushonwa.

Matondoni, kijiji cha waundaji, nilimkuta mzee ameketi chini ya kivuli cha jahazi lililopandishwa pwani. Alikuwa akitia kalafati, akisukuma pamba kwenye nyufa za mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikamuuliza habari za mtepe. Hakujibu. Aliokota kipande cha kamba ya makumbi mchangani, akakibana kwa kidole gumba cha mguu, akakivuta kwa mkono wa kushoto hadi kikalia, kisha kwa mkono wa kulia akapitisha fundo ambalo macho yangu hayakuliwahi. Akalifungua. Akafunga tena, polepole, kwa ajili yangu. Nikashindwa. Akafunga mara ya tatu, akaniwekea kiganjani, akarudi kwenye pamba yake. Babu yake ndiye aliyemfunza, akasema, yeye akiwa bado mtoto wa kuchota maji. Mtepe mwenyewe hakupata kuushona. Alichorithi ni fundo tu.

Nilikaa naye mpaka adhuhuri, nikisikiliza nyundo ya mti. Alikuwa akipiga, akinyamaza, akiweka sikio kwenye ubao, akipiga tena. Sikio ndilo lililomwambia ufa umeshiba. Vijana wawili walipita na jeneta mkokotenini, wakatusalimu kwa adabu, wakaenda zao. Sikuwalaumu, mshahara uko kwenye mashine. Ninachokilaumu ni haraka yetu sote, tunaonunua chombo kama tunavyonunua ndoo, kikitoboka tukakitupa pwani, kisha tukamwita fundi wa kushona "mtu wa kizamani."

Unguja, katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, palijengwa mtepe wa mfano ili watoto wetu wauone. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wakafa. Hata nyumba ya kumbukumbu, basi, haikupata fundi wake kwa wakati.

Fundo la mzee bado ninalo, juu ya meza ninapoandikia. Sijathubutu kulifungua, maana sitaweza kulifunga tena. Ukifika Matondoni, msomaji wangu, acha simu mfukoni. Toa salamu, keti mchangani, uombe uoneshwe fundo, na usiondoke mpaka mkono wako uweze kulifunga.