Nani Anakokotoa? Mihadhara ya Cambridge ya Mwaka 1939 na Nafasi ya Mtenda katika Kiswahili cha Akili Bandia

Ikisiri

Makala hii inahakiki mihadhara ya Ludwig Wittgenstein kuhusu misingi ya hisabati, iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1939 na kuhudhuriwa na Alan Turing. Hoja kuu ni kwamba mabishano ya wanazuoni hao wawili yanahusu pia namna lugha inavyomtaja au kumficha mtu anayetenda kwa kutumia kanuni au mashine. Kwa kuangalia neno kikokotoo lilivyotumika nchini Tanzania, makala inaonesha kuwa mjadala wa istilahi za akili bandia umeelekezwa mno kwenye nomino, ilhali suala la uwajibikaji limo katika kitenzi, upatanisho wa kisarufi na matumizi ya na na kwa.

1. Utangulizi

Katika mihula miwili ya mwaka 1939, Wittgenstein alitoa mihadhara 31 kuhusu misingi ya hisabati. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Turing, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha makala yake maarufu kuhusu namba zinazokokotoleka, na ambaye wakati huohuo alikuwa akifundisha kozi yake mwenyewe yenye jina lilelile chuoni hapo. Nafasi yake katika mihadhara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba, alipojulisha kuwa hatakuwapo siku moja, Wittgenstein aliwaambia wengine kuwa kipindi hicho kingekuwa cha mabano tu.

Mihadhara hiyo haikuandikwa na mhadhiri mwenyewe. Kitabu kilichohaririwa na Cora Diamond na kuchapishwa mwaka 1976 kimeunganishwa kutokana na madaftari ya wasikilizaji wanne: R. G. Bosanquet, Norman Malcolm, Rush Rhees na Yorick Smythies. Kwa hiyo, sauti ya Turing kitabuni imetufikia kupitia kalamu za watu wengine. Maneno anayonasibishwa nayo yanafaa kuchukuliwa kuwa ushahidi wa mwelekeo wa hoja zake, si tamko lake la neno kwa neno.

Usomaji uliozoeleka huyachukulia mabishano hayo kuwa pambano la mwanafalsafa na mwanahisabati, kisha huuliza nani alishinda. Makala hii inadai kuwa swali hilo limewapotezea wasomaji jambo lenye manufaa zaidi, hasa kwa wanaoandaa istilahi, sera na sheria katika lugha ya Kiswahili.

2. Kanuni na daraja

Kiini cha mabishano kilikuwa ukinzani. Tuseme mfumo wa hesabu una ukinzani uliojificha ndani yake na hakuna aliyeugundua. Je, mfumo huo una kasoro? Wittgenstein alisita kukubali. Kwake, kukokotoa ni desturi ya watu waliofunzwa kwa namna moja na wanaokubaliana kuhusu hatua inayofuata. Ukinzani ukijitokeza, watu hao wataamua la kufanya. Kabla ya hapo, hakuna madhara ya kuzungumziwa. Kitendawili cha mwongo anayekiri kuwa anasema uongo kilimshangaza kwa sababu moja tu: kwamba watu wazima walikisumbukia.

Turing alijibu kwa mfano wa daraja. Madhara, alisema, hayaonekani kwenye karatasi. Yanaonekana hesabu inapotumika: daraja lililojengwa kwa hesabu hiyo linaweza kuanguka. Wittgenstein alishikilia kuwa daraja likianguka, ama kanuni za maumbile zilieleweka vibaya, ama mtu fulani alikosea katika kukokotoa. Haikuwa kazi ya ukinzani wenyewe.

Kila upande ulishika jambo ambalo mwingine aliliacha. Wittgenstein alishika swali la nani: nyuma ya kila kanuni wapo watu walioikubali na wanaoitumia. Turing alishika swali la nini: kanuni ikishatumika, athari zake huwafikia watu ambao hawakushiriki kuikubali na ambao hawana namna ya kuisahihisha. Udhaifu wa Wittgenstein ni kuwachukulia wanaokokotoa na wanaoathirika na ukokotozi kana kwamba ni jamii moja. Wanaopita juu ya daraja si wahandisi wote.

3. Mkokotoaji na kikokotoo

Katika makala ya 1936, Turing alianza kwa kumwangalia mtu: mtu mwenye penseli na karatasi ya miraba, anayefuata maelekezo hatua kwa hatua. Neno la Kiingereza ambalo leo hutaja kompyuta, wakati ule lilimtaja mtu huyo. Mashine ya Turing ilitokana na uchambuzi wa kazi yake. Mwaka 1947 Wittgenstein aliandika kuwa mashine hizo kwa hakika ni wanadamu wanaofanya hesabu. Wengi wameichukulia kauli hiyo kuwa kejeli, lakini ukisoma makala ya 1936, ni maelezo sahihi ya chimbuko lake.

Kiingereza kiliweza kuhama kutoka kwa mtu hadi kwenye mashine bila kubadili neno. Kiswahili hakina urahisi huo. Kutokana na kitenzi kokotoa tunapata mkokotoaji, ambaye ni mtu, na kikokotoo, ambacho ni chombo. Kiambishi awali kinamlazimisha msemaji kuchagua. Zaidi ya hapo, Kiswahili hakiishii kwenye umbo la nomino. Kiongozi na kikokotoo huanza kwa kiambishi kimoja, lakini husemwa kiongozi ameamua, si kiongozi kimeamua. Kwa kikokotoo, husemwa kimeonesha. Upatanisho huangalia uhai, hauangalii umbo pekee.

Katika makala yake ya 1950, Turing alitabiri kuwa kufikia mwisho wa karne ile matumizi ya maneno yangekuwa yamebadilika kiasi cha mtu kuweza kusema kwamba mashine zinafikiri bila kutarajia kupingwa. Katika Kiswahili utabiri huo umetimia nusu. Kitenzi kimehama: leo husemwa mfumo umekataa, programu imeamua, mashine imeelewa. Upatanisho haujahama: mashine bado ni i-, mfumo bado ni u-. Roboti pekee ndiyo inayoyumba, kwani wapo wanaosema roboti anatembea na wapo wanaosema roboti inatembea. Matokeo yake ni sentensi yenye kitenzi cha mtu na upatanisho wa kitu. Katika sentensi hiyo tendo la hiari limefanyika, lakini hakuna mtu wa kuulizwa.

4. Somo la kikokotoo

Tanzania imekwisha kulipitia jambo hili, ingawa halikuhusu akili bandia. Mwaka 2018, kufuatia kuunganishwa kwa mifuko ya hifadhi ya jamii, kanuni mpya za mafao zilipanga mkupuo wa asilimia 25 kwa mstaafu, na sehemu iliyosalia ilipwe kama pensheni ya kila mwezi. Watumishi wengi wa umma walikuwa wamezoea asilimia 50. Katika mjadala uliozuka, neno kikokotoo, ambalo kwa wengi lilikuwa jina la kifaa kidogo cha kujumlishia, likawa jina la kanuni yenyewe.

Mwanzoni lugha ilielekea kumficha mtenda. Ilisemwa kuwa kikokotoo kimepunguza mafao, kikokotoo kimewaumiza wastaafu, kana kwamba kifaa kilikuwa kimejiamulia. Lakini wafanyakazi na vyama vyao hawakuishia hapo. Waliuliza kikokotoo hicho kimewekwa na nani, na kinaweza kubadilishwa na nani. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza utaratibu wa zamani urejeshwe kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ilianza kutumika kanuni ya asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50.

Kanuni za kujumlisha na kugawanya hazikubadilika katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu. Wittgenstein angelitambua jambo hilo mara moja: nyuma ya kikokotoo walikuwapo wakokotoaji, na nyuma yao walikuwapo waliokubaliana. Turing naye angesema kuwa daraja lilikuwa na wapitaji: mstaafu aliyekwisha kupanga kumalizia nyumba yake kwa mkupuo. Mjadala ulizaa matunda pale maswali yote mawili, la nani na la nini, yalipoulizwa pamoja.

5. Nomino imeshiba, kitenzi kina njaa

Mijadala ya istilahi kuhusu akili bandia imejikita kwenye jina. Akili bandia, akili mnemba na akili unde yanashindana. Wanaopinga bandia husema linabeba harufu ya udanganyifu, kama katika noti bandia. Wanaopenda unde husema linarejea kwenye kitenzi unda. Hoja hizo zina uzito wake, na usanifishaji unahitaji uamuzi. Hata hivyo, raia anayeambiwa kuwa ombi lake la mkopo limekataliwa na mfumo hasaidiwi na jina lolote kati ya hayo matatu. Kinachomkwamisha ni ile na.

Kiswahili kina nyenzo ya kutenganisha mtenda na chombo. Mtu akisema amekatwa na kisu, msikilizaji huelekea kuwaza ajali. Akisema amekatwa kwa kisu, swali linalofuata ni nani aliyemkata. Vivyo hivyo, ombi limekataliwa na mfumo ni sentensi inayofunga mlango. Ombi limekataliwa na kamati kwa kutumia mfumo ni sentensi inayoonesha mlango wa kubisha. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo haulindwi kila mara. Lakini lugha ya sheria, notisi na miongozo haina budi kuwa makini kuliko mazungumzo, na hapa haihitaji kubuni neno hata moja.

6. Pingamizi la mashine inayojifunza

Inaweza kudaiwa kuwa hoja hii inafaa kwa kikokotoo cha kanuni zilizoandikwa, si kwa mifumo ya leo inayojifunza kutokana na data, ambayo hata waundaji wake hawawezi kueleza kila hatua yake. Pingamizi hilo ni la kweli, na Turing mwenyewe alilitangulia: katika makala ya 1950 alieleza kuwa mwalimu wa mashine inayojifunza mara nyingi hatajua kwa undani kinachoendelea ndani yake. Picha ya Wittgenstein ya watu wanaokubaliana kila hatua haitoshi hapa.

Pamoja na hayo, kutojua kilichotokea ndani hakumwondolei mtu wajibu wa kilichotokea nje. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amevamia shamba la jirani hajui ng'ombe aliwaza nini, na hakumwelekeza aingie. Bado fidia hudaiwa kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyefuga na ndiye aliyeacha zizi wazi. Inafaa kuzingatia kuwa ng'ombe ana upatanisho wa a-, na hata hivyo hajawahi kuitwa barazani. Ikiwa kiumbe hai mwenye utashi wake hakumfichi mfugaji, mfumo wenye u- hauna sababu ya kumficha aliyeuweka kazini.

7. Hitimisho

Mihadhara ya 1939 haikutoa mshindi, na thamani yake haiko huko. Inafundisha kuwa swali la kama mashine inafikiri haliwezi kutenganishwa na swali la nani anayeitumia na nani anayebeba matokeo yake. Kwa vyombo vya usanifishaji na washauri wa sera katika nchi zinazotumia Kiswahili, yapo mambo matatu yanayofuata. Kwanza, kila istilahi ya akili bandia inayopitishwa iambatane na sentensi za mfano zinazoonesha mtenda. Pili, miongozo ya uandishi wa sheria na notisi za umma itenge na kwa ajili ya mtu au taasisi yenye mamlaka, na kwa kwa ajili ya mfumo. Tatu, kila notisi ya uamuzi uliofikiwa kwa msaada wa mfumo itaje ofisi inayoweza kuubatilisha. Wastaafu wa Tanzania walipata njia ya kudai haki yao siku walipoacha kukilaumu kikokotoo na kuanza kuuliza ni nani aliyekiweka.