Fundi wa Kuuliza

Mchezo wa jamii ukiwa mzuri hukatizwa katikati. Waigizaji wamefika pagumu, ngoma imenyamaza, na kiongozi wa kundi anaingia ndani ya duara kuwauliza watazamaji: sasa huyu mama afanye nini? Wengi hudhani ufundi wa kazi hii uko katika kuigiza. Mimi naamini uko katika swali hilo, na katika kujua saa ya kuliuliza.

Niliyazungumza haya na kiongozi wa kundi moja la sanaa wilayani Nchelenge, tukila baga na chipsi katika mkahawa mdogo wa Kashikishi, mji wa soko la samaki kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Baga ya nyama kando ya ziwa lenye samaki watamu kama pale ina sababu yake. Ulikuwa msimu wa marufuku ya uvuvi, ambao Zambia huuweka kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wavuvi wako nchi kavu, mvua zinanyesha, malaria imepanda. Kwa mwenzangu huo ndio msimu wa kazi, kwa kuwa watu wake wote wako nyumbani.

Mwenye mkahawa alipoleta sahani alilalamika kwamba wateja wanamgombeza kwa kukosa samaki wabichi. Mtu mwingine angempa pole, akala. Mwenzangu aliweka baga yake chini. “Ba mayo,” alimwambia, yaani mama kwa Kibemba, “anayekasirika zaidi ni mgeni au mwenyeji?” Mwenyeji, alijibu mama. Mgeni hula anachopewa. “Akikasirika hukaa au husimama?” Husimama, mkono mmoja bado uko kwenye kiti. “Nawe mikono yako unaiweka wapi?” Mama alicheka, akaitazama mikono yake, kisha akaionyesha: ameikunja ndani ya kitenge. Baga ilipoa. Sikuona akiandika neno lolote, lakini nilikuwa na hakika kwamba mkono ule kwenye kiti na ile iliyofichwa ndani ya kitenge ilikwisha kuingia katika mchezo fulani ambao ulikuwa bado hauna jina.

Usikivu wa namna hiyo haupatikani kwa kipaji tu. Ni mazoezi ya miaka, na una ukoo wake katika eneo letu. Chuo Kikuu cha Zambia kilianzisha Chikwakwa, jukwaa la wazi nje kidogo ya Lusaka, na vijana wake wakaenda mikoani kucheza mbele ya watu ambao hawakuwahi kukata tiketi ya ukumbi. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walifanya mazoezi ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha waigizaji. Serikali ikaufuta mchezo, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong’o, mmoja wa waandishi wake, akawa kizuizini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakawaacha wanakijiji wachague wenyewe tatizo la kuchezea. Walilolichagua ni mimba za wasichana. Kwangu mimi Malya ndiyo kipimo, kwa sababu pale wageni walikubali kungoja.

Kungoja ndiko kugumu. Chukua suala la chandarua. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria, na vyandarua vyenye dawa hugawiwa. Vingine huishia ziwani, vikazoa samaki wachanga. Bango litasema: usivue kwa chandarua. Hakuna mtu ufukweni asiyelijua hilo. Kundi la sanaa huanzia kwingine: nyumba moja, chandarua kimoja, mtoto mwenye homa, sufuria tupu jioni ya Januari. Mama amekishika upande huu, baba upande ule. Hapo mchezo husimama. Bibi anayepaza sauti kwamba yeye angefanya vingine huombwa aingie, ashike chandarua mwenyewe, amjibu huyo mume. Akishindwa, mwingine anainuka. Kiongozi asiye fundi hutoa hotuba wakati huo na kuharibu kila kitu. Aliye fundi anasogea nyuma.

Tena watazamaji wa mkoa huu wa Luapula ni wagumu kudanganywa. Kila mwishoni mwa Julai, Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, hucheza ngoma ya Umutomboko akiwa na upanga na shoka, na umati husoma kila upande anakoelekeza silaha yake. Watu waliokulia katika usomaji huo hawamvumilii mwigizaji anayetikisa mikono bila maana.

Kuna kazi nyingine inayonigusa zaidi kama msemaji wa Kiswahili. Tangu 2018 wilaya hii ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wanakoishi maelfu ya Wakongo waliokimbia vita ng’ambo ya ziwa. Wengi wao husema Kiswahili. Lugha hii si ngeni hapa: Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani ya Waswahili, Muhammad bin Salih, aliyekuwa ameishi hapo miaka mingi. Mwenzangu huchanganya vijana wa makazi na wa vijijini katika mchezo mmoja, na kila mhusika husema lugha ya kwao. Hatafsiri chochote jukwaani. Watazamaji huelezana wenyewe, Mbemba akimgeukia Mkongo aliyekaa ubavuni pake, na katika kuelezana huko wamekwisha kuzungumza. Sijui njia bora ya kuwakutanisha majirani.

Linalonisikitisha ni jinsi kazi hii inavyonunuliwa. Kundi huitwa mwishoni, hupewa karatasi yenye ujumbe uliokwisha kuandikwa mjini, huambiwa liuchezee na ngoma, kisha hulipwa nauli na soda. Siku za kukaa sokoni na kuuliza mikono huwekwa wapi hazimo kwenye bajeti, na bila siku hizo onyesho ni tangazo lenye ngoma. Ninyi mnaopanga miradi ya afya, ya uvuvi na ya wakimbizi kandokando ya Mweru, mwiteni fundi huyu siku ya kwanza, kabla ujumbe haujaandikwa, na siku zake za kusikiliza mzilipe sawa na siku ya onyesho.