Msaada Unaouliza Sababu Kwanza

Kitabu kiitwacho Janesville, kilichoandikwa na Bibi Amy Goldstein na kupigwa chapa mwaka 2017, chasimulia habari za mji mmoja wa jimbo la Wisconsin, huko Marekani. Mwezi wa Desemba 2008 kiwanda cha motokaa cha General Motors, kilichokuwa nguzo ya mji ule, kilisimamisha kazi yake kubwa, na maelfu ya watu wakabaki mikono mitupu. Mwandishi hakupita kama mgeni wa siku moja. Alizifuata jamaa chache miaka kadha wa kadha, akaona akina baba wakienda kufanya kazi majimbo ya mbali, na kurudi kwa wake na watoto mwisho wa juma tu. Subira hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kitabu.

Sifa ya pili ni kwamba hakuficha jambo lisilotupendeza sisi walimu. Alipohesabu kwa msaada wa wataalamu, aliona kwamba wale walioachishwa kazi wakarudi chuoni kujifunza ufundi mpya, kwa jumla walipata kazi na mshahara pungufu kuliko wenzao wasiorudi.

Walakini kitabu chasimulia kuliko kuhukumu. Hukumu yamhusu msomaji. Nami nitaijaribu kwa kupima sheria ya Marekani iliyowekwa kuwasaidia mafundi waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nchi za nje.

Sheria hiyo ilianza mwaka 1962, zamani za Rais Kennedy. Nia yake ilikuwa ya haki: serikali ikifungua mlango kwa bidhaa za ng'ambo, wengi hupata faida, basi yapasa wachache waumiao walipwe. Hiyo si sadaka, ni deni. Lakini masharti yalikuwa mazito hata mpaka mwaka 1969 hapakuwa na ombi moja la wafanya kazi lililokubaliwa. Mwaka 1974 masharti yakalegezwa. Watu watatu wa kiwanda kimoja, au chama chao, waliweza kupeleka ombi, nayo Wizara ya Kazi ikachunguza kama bidhaa za nje zilichangia sana kuwaondoa kazini. Waliokubaliwa walipata mafunzo, na malipo ya kila juma baada ya yale ya kawaida kwisha. Lakini baadaye malipo hayo yakafungwa, kwa kawaida, na sharti la kuingia mafunzoni.

Hapa ndipo nionapo kasoro. Twaa mafundi wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza ameondolewa kwa kuwa nguo za ng'ambo zauzwa rahisi. Wa pili kwa kuwa mashine imeshika mahali pake. Njaa yao ni moja, na kodi ya nyumba ni moja. Lakini sheria yamjua wa kwanza tu. Nyumba ya jirani ikiungua, je, twauliza kwanza kama moto ulitoka kwa radi au jikoni, ndipo tumpe mkeka wa kulalia?

Mtu atajibu kwamba deni halilipwi ila kwa yule anayedai kwa haki. Ni kweli. Lakini deni lenyewe halikudumu: tarehe 1 Julai 2022, Bunge lisipoongeza muda, Wizara ikaacha kukubali maombi mapya. Aliyeumizwa na biashara baada ya siku ile alikuta mlango umefungwa, ingawa bidhaa za ng'ambo hazikuacha kuingia.

Nawasihi wajuao Kiingereza wakisome kitabu hiki, na zaidi walimu wenzangu. Tumezoea kumwambia kila mtu mwenye shida, "Nenda ukasome." Neno hilo ni jema, lakini Janesville yatufundisha kuuliza pia: akisha kusoma, kazi iko wapi? Na wakati asomapo, watoto wake watakula nini?