Fremu Nne kwenye Kamba ya Nguo

Maneno huja kwanza. Kabla ya sura, kabla ya mlima wala nyumba, mchora katuni anapiga mistari hafifu ya penseli sehemu ya juu ya fremu na kuandika atakachosema mhusika wake, kwa herufi kubwa zilizosimama wima na kuachiana nafasi sawa. Akishamaliza ndipo anayazungushia kiputo. Wanaojifunza huanza na kiputo kizuri cha mviringo, halafu wanahangaika kuyabana maneno ndani yake, na Kiswahili hakibaniki. Sentensi nzima inaweza kukaa ndani ya "hawakutuambia", na ukiikata katikati ili iingie kwenye ukingo, msomaji anajikwaa hapo na safari yake inaharibika.

Hayo nimeyaona kwa kijana mmoja wa Mbinga, mkoani Ruvuma, anayechorea kwenye meza ya steshenari mjini, pembeni ya mashine ya kutoa kopi, saa ambazo wateja wamepungua. Hana gazeti linalomwajiri wala mfadhili. Anachora mabango ya katuni: karatasi mbili za A4 zilizounganishwa kwa gundi, fremu nne, wino mweusi peke yake. Kopi zikishatoka anazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, mahali ambapo watu wanapita kwa miguu.

Mtindo huu wa fremu nne una walimu wake. Leif Packalen wa Finland na Sharad Sharma wa India waliufundisha katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na mwaka 2007 walitoa kitabu cha mwongozo kuhusu katuni za namna hii, zinazochorwa na wananchi wenyewe kuhusu mambo ya kwao na kubandikwa ukutani. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Fremu ya kwanza inatuonyesha mtu na mahali, ya pili inaleta tatizo, ya tatu inalifikisha kileleni, ya nne inafunga. Pembezoni huachwa nafasi tupu ya kama sentimita moja, kwa sababu mashine ya kopi haifiki ukingoni. Ukiusikia hivyo unadhani mtu yeyote aliyeshika penseli ataumudu.

Bango lake ninalolipenda kuliko yote linahusu magoma. Kwa asiye wa Mbinga: magoma ni ile biashara ya mkulima kuuza kahawa yake ingali mbichi mtini, kwa bei ya mwenye fedha, kwa kuwa shida imekuja kabla ya mavuno. Fremu ya kwanza ni Januari. Mtoto amesimama na sare mpya iliyomzidi mwili, na nyuma yake baba anamwonyesha mgeni mti wa kahawa wenye punje za kijani. Fremu ya pili ni mkono tu, dole gumba likiwa juu ya karatasi. Fremu ya tatu magunia yanapakiwa kwenye gari la yule mgeni, na baba ameshika gunia tupu. Fremu ya nne ni mtoto yuleyule, sare ileile sasa ikiwa imembana na kuchanika begani, na baba ameutazama mti wa kahawa usio na kitu.

Kati ya dole gumba na magunia kuna mstari mweupe wa nusu sentimita, na miezi sita imo humo. Palizi imo humo, na mvua, na bei iliyopanda wakati mkono umeshafungwa. Kijana hakuchora hata kimoja kati ya hivyo, lakini mtu wa Mbinga akitoka fremu ya pili kwenda ya tatu anavipitia vyote. Nikiutazama ukurasa huu naona ngoro, mashimo ya kilimo ya milima ya Mbinga. Wamatengo, wenyeji wa hapo, hukata majani mlimani, wakayapanga kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa viraba, kisha udongo wa katikati ya kila kiraba unachimbwa na kuyafunika yale majani. Shimo linabaki kushika maji ya mvua ili yasiporomoke na udongo, majani yanaoza na kurutubisha tuta, na maharage hupandwa juu ya tuta. Mgeni anayepita barabarani huvutwa na mashimo, ndiyo anayoyapiga picha, ilhali chakula kiko kwenye mistari inayoyatenga. Mchora katuni hodari naye anajua kwamba hadithi inaota baina ya fremu, akilini mwa msomaji, na kwamba kazi yake ni kuchimba fremu zake kwa kina cha kutosha ili hapo katikati pasikauke.

Wino wenyewe una adabu zake. Kilicho karibu hupewa mstari mnene, cha mbali chembamba, kiasi kwamba milima ya Umatengo inakaa nyuma bila kumkaba mtu aliye mbele. Anayezungumza kwanza huwekwa kushoto na kiputo chake juu kidogo, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali. Mtu aliyekuwa kushoto kwenye fremu ya kwanza hahamishiwi kulia kwenye ya pili bila sababu, kwa maana msomaji atadhani ni mtu mwingine. Halafu kuna weusi. Kijana huyu hajazi eneo kubwa kwa wino mtupu, kwani anaijua mashine yake: wino wa unga ukikaribia kuisha, weusi mpana hutoka na mabaka. Usiku anauchora kwa mistari ya karibukaribu inayokatana, mmoja mmoja, bila rula, na usiku huo hutoka kwenye kopi ya mia moja ukiwa sawa na wa kopi ya kwanza. Huo uvumilivu wa kupiga mistari mia tatu ili kuokoa giza la nyumba moja naustahi sana.

Hakuanzia hewani. Watanzania wa rika la wazazi wake walijifunza kusoma picha kwenye Sani, gazeti la katuni la miaka ya 1970 lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na wahusika wake kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa walizungumzwa mitaani kana kwamba ni majirani. Mmoja wa wachoraji waliolipa gazeti lile sura yake alikuwa Philip Ndunguru, jina ambalo mtu wa Mbinga akilisikia tu analitambua kuwa ni la Umatengo. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa, na wahusika wa Sani wakaendelea kuishi kwa mikono ya wengine. Kijana wetu ana nakala chache za zamani, zimelegea kwenye mikunjo, na huzitazama kwa namna ambayo fundi seremala hutazama kiungo cha kabati la mwenzake. Aliwahi kunionyesha mguu mmoja tu wa Lodi Lofa, jinsi kisigino kilivyonyanyuka, akasema mtu huyu anaondoka kabla hata hajaaga.

Umaarufu wa maonyesho ya katuni ulijengwa kwenye miji ya mbali na hapa. San Diego walianza mwaka 1970, na leo wanapokea watu zaidi ya 100,000. Angoulême, Ufaransa, ni mwaka 1974. Nairobi nako vijana wana mkusanyiko wao, na Wakenya wameshaona jinsi jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilivyofika mikononi mwa vijana wengi kwa kugawiwa bure. Kwenye maonyesho yote ya namna hiyo kuna safu ya meza ndogo za wachoraji wanaojitegemea, kila mmoja na kazi yake mbele. Mbinga hakuna ukumbi wa hivyo. Lakini mkusanyiko upo tayari, una ngoma na una wachuuzi, na kijana aliona hilo mapema. Vikundi vya ngoma ya mganda vinaposhindana kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaume wamevaa nadhifu na wamejipanga kwa nidhamu ya jeshi, watu hutoka vijiji vingi na kukaa siku nzima. Siku kama hiyo yeye hushuka na basi kutoka milimani hadi Mbamba Bay, lami sasa inafika hadi ziwani, analipa ushuru wa meza, anafunga kamba yake kati ya nguzo mbili, karibu na akina mama wanaouza usipa, dagaa wa ziwani.

Nilikaa nyuma ya meza ile pamoja naye, na hapo ndipo nilipoielewa sehemu ya ufundi huu ambayo haiko kwenye karatasi. Hatazami picha zake. Anawatazama wanaozitazama. Anaangalia kidole kinasimama wapi, nani anarudi fremu ya pili baada ya kuona ya tatu, nani anacheka kabla ya wakati. Ana daftari dogo la kuandikia hayo. Bango la magoma, aliniambia, mwanzoni lilikuwa na kiputo kwenye fremu ya mwisho, baba akisema kwamba magoma ni adui wa mkulima. Watu walikisoma, wakatikisa kichwa kukubali, wakaenda zao. Akakifuta. Siku niliyokuwepo, mama mmoja mwenye beseni la samaki alimsomea mjukuu wake fremu tatu kwa sauti, akafika ya nne akanyamaza, kisha akamgeukia mwanamume aliyesimama jirani.

"Sasa huyu angefanyaje? Mtoto angebaki nyumbani?"

"Angekopa ushirika, mama."

"Ushirika gani wa kukupa hela Januari?"

Wakaanza. Wakajiunga wengine wawili. Kijana hakusema neno, aliandika tu. Mchoraji gani mwingine anakubali kulinyamazisha jambo alilotoka nyumbani akilitaka sana lisemwe, ili wengine walijadili? Inahitaji imani kubwa kwa msomaji, na imani hiyo haifundishiki kwa mwongozo.

Bango la pili lilikuwa la ziwa na uvuvi, na hapo mzee mmoja mvuvi alisimama kwenye fremu ya kwanza asiendelee.

"Kijana, mtumbwi huu wa wapi?"

"Shikamoo mzee. Wa hapahapa."

"Marahaba. Wa hapa haupanuki mdomo hivi. Ukipanuka hivi, wimbi likija limo ndani."

Alikuwa sahihi. Mtumbwi wa gogo wa Nyasa huchongwa ukiwa na tumbo la mviringo na mdomo mwembamba, na mpiga kasia hukaa juu yake akiingiza miguu ndani ya upenyo huo. Mtu wa milimani huchora mtumbwi wa vitabuni. Kijana alichukua karatasi tupu na penseli, akampa mzee kwa mikono miwili: "Nionyeshe, mzee wangu." Mzee akachora, mstari mmoja mzito wa tumbo na mwingine wa mdomo, na akaongeza kasia bila kuombwa. Kwa mtu wa mwambao, kasoro ile ndogo ilikuwa imeifunga hadithi nzima, kwa kuwa mtu asiyejua mtumbwi atamwambia nini kuhusu nyavu?

Mkoa huuhuu wa Ruvuma, upande wa Tunduru, ndio uliomzaa mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932, aliyekuja kuuza vibao vyake vilivyopakwa rangi za baiskeli nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Naye hakungoja ukumbi. Lakini Tingatinga alipeleka picha mjini kwa wenye fedha, na huyu anazishusha kwa watu waliomo ndani ya picha zenyewe, nami naona hilo ni gumu zaidi, kwani mnunuzi wa Oysterbay hakuwa na la kumwambia kuhusu mdomo wa mtumbwi.

Bango moja ni shilingi 500, na karibu nusu ya fedha hiyo huishia kwenye kopi. Ukitoa nauli na ushuru, siku njema inampa chakula na rimu ya karatasi. Jioni ile mwalimu wa shule ya msingi alinunua mabango kumi ya ziwa, akasema ni vizuri hayana rangi, watoto watapaka wenyewe, kisha akauliza kama anaweza kupata mengine kuhusu mvua na mitumbwi kabla muhula haujafungwa. Kijana akamwomba asubiri kidogo. Akataka kwanza kurudia fremu ya kwanza kwa mtumbwi wa yule mzee, na akamwambia mwalimu kwamba hayo kumi atamletea mapya bila malipo.