Muhamadi Kijuma, Fundi wa Khati na Nakshi

Msomaji, atajwapo msanii wa zama za Malkia Victoria, fikira huruka mpaka London, kwa wachoraji kama John Everett Millais, aliyezaliwa mwaka 1829 akafa mwaka 1896. Lakini asimamaye pwani ya Kililana, bara ya Lamu, hana haja ya safari ndefu hivyo. Ng'ambo ya maji, kisiwani Lamu, aliishi msanii wa zama zile zile. Jina lake Muhamadi Kijuma. Alizaliwa yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945.

Sifa ya Kijuma haikutokana na picha za watu wala za milima. Alichonga nakshi katika mbao, akaandika khati katika karatasi, akatunga mashairi. Yafaa tuzipime kazi hizi kwa mizani ya haki.

Kwanza, khati yake. Utendi ukiandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti huweza kupangwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Basi kina cha mwisho, ambacho hakibadiliki, husimama ukingoni kutoka juu hata chini, mfano wa mwimo wa mlango. Ukiutazama ukurasa wa namna hiyo, waona kwamba mchonga milango na mwandishi wa tenzi ni ndugu. Wote wawili huligawa eneo kwa vipimo, hurudia umbo, na hawachoshi jicho. Tena khati njema si pambo tu. Herufi za Kiarabu za asili hazina p wala v, na hazitofautishi e na i, wala o na u. Mkono mzembe humpoteza msomaji; mkono wa fundi humwongoza.

Pili, yako la kutahadhari. Kijuma aliwaandikia wageni wataalamu: Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mwaka 1913 aliandika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye habari zake ni za karne nyingi kabla yake. Je, hapo alikuwa mnakili au mtunzi? Alikuwa yote mawili, na mpaka baina ya kazi hizo si rahisi kuuona. Atakaye historia ya Liyongo asiuchukue utendi huo kuwa ushahidi mtupu. Lakini atakaye sanaa na aufurahie bila ya wasiwasi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya karatasi za Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani. Tusiwalaumu waliozihifadhi, maana karatasi hailishindi joto la pwani wala mchwa. Hasara kubwa zaidi iko kwetu: vijana wengi wa Kiswahili hawawezi tena kuisoma khati ambayo babu zao waliandikia barua, hesabu na tenzi.

Mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Kililana, na sasa meli kubwa hutia nanga pale. Bandari huleta mali, nayo mali ni neema. Lakini wewe, msomaji, jifunze herufi zile. Siku utakapoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kijuma kwa macho yako mwenyewe, hutahitaji mgeni akueleze thamani yake.