Mgeni na Jembe Lake: Methali Mbili na Mfano wa Ngomeni

Methali “Mgeni njoo, mwenyeji apone” huelezwa aghalabu kuwa ni sifa ya ukarimu. Maelezo hayo yanakipuuza kitenzi cha mwisho: faida ya ujio hupimwa kwa mwenyeji. Nayo “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe” humfanya mgeni kuwa mfanyakazi, na mwenyeji ndiye mgawaji wa kazi.

Historia ya Ngomeni yaitia methali hii ya pili majaribuni. Wahandisi na mafundi wa Kiitalia, waliorusha roketi kutoka jukwaa la San Marco kati ya 1967 na 1988, walikuja na jembe lao wenyewe. Setilaiti ya Marekani iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Mwenyeji akachangia neno na sikukuu yake. Kusini mwa hapo, mjini Malindi, Waitalia walifungua hoteli, na vijana wengi wakajifunza Kiitalia ili wapate riziki.

Ajira zilipatikana, hapana shaka. Hata hivyo, aliyejifunza lugha ya mwenziwe ni mwenyeji. Mhakiki anayezifasiri methali hizi leo hana budi kuuliza kwanza: jembe ni la nani?