Nafasi ya Kichomi katika Mabadiliko ya Mtindo wa Euphrase Kezilahabi

Uhakiki wa kazi za Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, mkoani Mwanza, umezoea kuzigawa riwaya zake katika awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya uhalisia: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Ya pili ni ya majaribio: Nagona (1990) na Mzingile (1991). Baina yake huwekwa masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, aliyoyahitimisha mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Kwa mtazamo huu, mtindo mpya ulitoka ughaibuni.

Mgawanyo huo unasimama iwapo tu ushairi utawekwa kando. Diwani ya Kichomi (1974) iliacha vina na mizani kwa makusudi, ikachochea mgogoro baina ya wanamapokeo na wanausasa. Kwa hiyo, uvunjaji wa umbo ulitangulia Nagona kwa miaka 16, na safari ya Marekani pia. Mwaka huohuo wa 1974, Kichwamaji ilimpa Kazimoto usimulizi wa nafsi ya kwanza, na maswali yake kuhusu maana ya kuishi hayakupata jibu katika jamii iliyomzunguka.

Gamba la Nyoka huonekana kuipinga hoja hii, kwa kuwa lilidumisha uhalisia miaka mitano baada ya Kichomi. Hata hivyo, riwaya hiyo inahusu uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa, tukio lililodai mahali, watu na visababishi vinavyotambulika. Uhalisia hapo ni uteuzi wa mwandishi anayemudu mitindo zaidi ya mmoja. Hauwezi kuhesabiwa kuwa hatua aliyokuwa bado hajaivuka.

Katika Nagona, majina ya visiwa na vijiji vya Ziwa Viktoria yanatoweka, na msimulizi asiye na jina anaingia katika mji uliohamwa. Maswali anayoyabeba, lakini, ni yaleyale ya Kazimoto. Mwanafunzi anayeianza Nagona kwa kumtafuta Nietzsche hapotei kabisa. Ila anaruka Kichomi, ambamo Kezilahabi alikwisha kuijaribu Kiswahili chake bila umbo la kurithi.